Uzoefu wangu: kupanda Karthala, mlima wa volkano wa kisiwa cha Ngazija (Komoro), nikitokea Dar

Nianze na lawama, sifa zitafuata. Wakala wa safari niliyemlipa hapa mjini (simtaji, bado tunadaiana) alinitangazia "kupanda miamba ya volkano kwa kamba". Kwenye risiti kuna hadi fungu la vifaa: kamba, helmeti, mikanda. Nafika Ngazija, hakuna cha kamba wala helmeti. Karthala unapandwa kwa miguu mwanzo mwisho.

Mlima una mita 2,361. Sisi tuliokulia kwenye habari za Kilimanjaro tunausikia na kuudharau. Nilikosea. Geti la Marangu tu liko juu ya mita 1,800, gari linakufikisha. Huku unaanzia kijiji cha Mvouni, juu kidogo tu ya Moroni, mji mkuu wao, bahari unaiona mgongoni, na sehemu kubwa ya urefu huo unaimaliza mwenyewe.

Kilichonitesa zaidi ni maji. Ofisini kwa wakala waliniambia lita mbili zinatosha, "mengine mtachota njiani". Tuchote wapi? Ngazija haina mto wa kudumu. Mvua inanyesha sana, ila ule mwamba wa lava una vitundu vitundu, maji yote yanazama. Watu wanakinga mvua kwenye matangi ya saruji majumbani. Mwongozaji wetu alitusimulia kuwa volkano ilipolipuka Novemba 2005, jivu liliingia kwenye matangi vijijini, watu wakawa na maji wasiyoweza kuyanywa. Labda ndiyo maana yeye alikuja na madumu ya akiba bila kuambiwa na mtu.

Nyota tano zote nampa huyo mzee. Kingazija chake na Kiswahili changu vilikuwa vinakutana katikati. Nilipompa karanga akasema "marahaba". Nikashtuka, nikajua ananisuta kwamba sijamwamkia, nikamtupia "shikamoo mzee" mbio mbio. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kwao marahaba ndiyo asante.

Baada ya msitu, buti langu la mtumba la soko la Karume likanisaliti: soli ya kulia ikabanduka kwenye lava iliyoganda, inakata kama vigae vya chupa. Mzee akachomoa kamba ya katani kwenye mfuko wake, akaizungusha mara tatu, fundo akaliweka juu ya vidole, ncha akaikata kwa panga. Kamba pekee niliyoiona safari nzima.

Tulilala kwenye hema (beba sweta, baridi ipo), alfajiri tukawa ukingoni. Kasoko, yaani lile shimo la volkano kileleni, ni kama kilomita 3 kwa 4, jivu tupu, na ukungu ulikuwa unaingia na kutoka. Hapo nilisahau habari ya ofisi kwa saa nzima.

Kushuka kuliniua magoti, sina la kuongeza.

Ukienda, nenda kiangazi, Mei hadi Oktoba, na lita tano za maji zako mwenyewe. Beba euro taslimu, ubadilishe upate faranga zao. Tiketi ya ndege ndiyo inayokula hela, kwa hiyo huko mlimani patana na waongozaji wa Mvouni wenyewe.

Hela ya vifaa nimeidai mara nne. Jana wameniambia tena, "Njoo kesho, kaka."