Bomba la siti nimebaki nalo, usukani nimeutoa

Baiskeli yangu ni ya mbio, fremu ya alumini. Alfajiri nazunguka nayo Raskazone hapa Tanga, na Jumapili huwa naenda Muheza na kurudi. Miezi minne iliyopita niliagiza mtandaoni vipuri vya kaboni vya bei rahisi, visivyo na jina lolote: bomba la siti lenye kipenyo cha milimita 27.2, usukani, na vishikio viwili vya chupa. Vyote shilingi 210,000.

Kabla ya kuvifunga nilivipima kwenye mizani ya jikoni. Bomba la zamani gramu 292, jipya 198. Usukani ulitoka 310 ukawa 226. Vishikio vikapunguza gramu 44. Ukijumlisha unapata gramu 222, hata nusu ya maji ya chupa ndogo haifiki. Anayetafuta wepesi tu, namshauri pesa hiyo anunulie tairi nzuri.

Lakini bomba la siti nimelipenda kwa jambo jingine. Ule mtetemo wa lami ya kokoto uliokuwa ukinipanda mgongoni umepungua kweli. Siku hizi nafika Muheza kiuno bado kizima, na zamani nilikuwa nashuka nimejikunja.

Kufunga ndiko kwenye kazi. Fundi wangu wa Ngamiani ni stadi, lakini alishika kopo la grisi kama alivyozoea. Nikamzuia. Kaboni ikipakwa grisi inateleza, ukizidi kukaza ili isishuke unaiponda. Ina dawa yake, yenye chembechembe unazozihisi vidoleni kama mchanga laini. Kwenye bolti pameandikwa Nm 5 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), tukakaza kwa spana yenye kipimo mpaka hapo tu.

"Mdogo wangu, mbona bado laini hivi? Hii si itashuka?" fundi akauliza.

Haijashuka hata milimita moja.

Kwa sisi wa pwani kuna la ziada. Kaboni ikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Mwezi wa kwanza nilipochomoa bomba nilikuta ndani ya fremu duara la unga mweupe. Tangu hapo kila mwezi nalitoa, nafuta, napaka dawa upya. Ukilisahau humo, linaganda, na kulitoa ni vita.

Usukani ulinivunja moyo. Wiki ya sita ulianza kulia kr, kr kila nikisimama kwenye pedeli kupanda kilima. Nikaufungua, nikaugonga kwa sarafu ya shilingi 200 kuanzia ncha mpaka katikati. Pembeni ulitoa sauti kali, tii, tii. Nilipokaribia katikati, pale kibano kinapoushika usukani, sauti ikafa, bu, kama kugonga kadibodi. Nje hapakuonekana ufa wowote, lakini sauti iliyokufa hivyo ni dalili kwamba ndani pameharibika. Nilimwandikia muuzaji, akajibu kwamba nimekaza kupita kiasi, na pesa hakurudisha. Nasi tulikaza kwa kipimo, bolti nne kwa kupishanisha, kidogo kidogo.

Alumini mara nyingi hupinda kwanza, ukapata nafasi ya kushtuka. Kaboni hukatika ghafla, na mikono yako yote miwili imeegemea hapo hapo, mteremkoni, nyuma yako kuna lori. Siku ile ile nilirudisha usukani wangu wa zamani na gramu zake zote.

Wa kaboni niliukata vipande viwili kwa msumeno kabla ya kuutupa. Watoto wa mtaani kwetu wakiokota kipuri cha baiskeli, jioni utakikuta kimeshafungwa.