Uzoefu wangu: Probox, Succeed, AD au Fielder? Stesheni wagon kuukuu ya kubebea mzigo

Jibu langu nalitoa mapema: kama kazi ni mzigo, tafuta Toyota Probox au Succeed ya van, injini ya cc 1500, gia ya mkono, inayovutwa na matairi ya mbele. Kwenye kibao cha chesisi utasoma NCP51V. Yapo mengine mazuri na nitayagusa, lakini magari haya nimeyaendesha na kuyatunza kwa kazi, na kinachoyaua karibu kila mara kiko chini huko nyuma: springi, bushi (raba za kwenye maungio), beringi na tairi. Ukubwa wa buti uje baadaye.

Anza na kibao. Fungua boneti, tafuta kibao hicho, kisha angalia herufi inayofuata namba kwenye kodi ya modeli, kama ile V ya NCP51V. V ni van. Hiyo ilitengenezwa Japani kama gari la mzigo: springi za nyuma ni ngumu, na kiti cha nyuma ni chembamba, kinalala hadi sakafu inakuwa sawa kutoka mlango wa nyuma mpaka migongoni mwa viti vya mbele, kama mita 1.8. G ni wagoni, yaani NCP58G, au NCP59G ikiwa ni 4WD, inayovutwa na matairi yote manne. Ina kiti kinene na springi laini za kubeba watu. Probox F na Succeed TX ziko kundi hili. Muuzaji ataziita zote Probox na bei itakuwa ileile, lakini ukiipakia G mzigo wa V kila siku, utakuwa mteja wa kudumu wa duka la springi. NCP50V nayo ni van, ila injini yake ni cc 1300. Tambarare haina shida. Kwenye mlima ukiwa umepakia utaikanyaga mno na hutaona akiba yoyote ya mafuta.

Probox na Succeed zote zilitoka mwaka 2002. Succeed ni ndefu zaidi, milimita 4300 kwa 4195, lakini buti halizidi kwa kiasi cha kukufanya uongeze pesa. Chagua iliyo nzima zaidi.

Kiwanda kiliipa van hii kilo 400 ikiwa na watu wawili, na kilo 250 ikiwa na watu watano. Kilo 400 ni mifuko 8 ya saruji. Tunajua sote kinachofanyika barabarani: miraa kutoka mji wa Maua kule Kenya, matenga ya nyanya, michomoko (teksi za pamoja) ya abiria kule Tanzania yenye watu mpaka kwenye buti. Gari linavumilia, ndiyo, lakini uvumilivu huo unalipiwa, na mara nyingi anayelipa ni mnunuzi anayefuata. Kwa hiyo kagua kama mtu anayetafuta deni lililofichwa.

Simamisha gari mahali palipo sawa, likiwa tupu. Chukua futi, pima kutoka katikati ya ringi ya nyuma hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, kushoto na kulia. Tofauti ikizidi sentimita moja na nusu, springi ya upande mmoja imechoka au imekatika. Kisha weka watu wazima watatu kwenye buti, ambao ni kama kilo 200, upime tena. Van yenye springi nzima itashuka lakini itabaki na nafasi. Ikilala hadi ekseli inagusa raba ya kugotea, ile raba iliyo juu ya ekseli inayozuia chuma kisigonge bodi, basi springi zimekwisha. Hata bila kupakia, ingia chini ukaitazame raba hiyo. Ikiwa imechanika, imekuwa bapa au haipo kabisa, gari limepakiwa kupita kiasi kwa muda mrefu.

Utakuta pia raba zilizobanwa katikati ya koili za springi ili kuinua nyuma. Mimi nazipinga kabisa. Raba ikishika koili mbili, koili hizo haziinami tena. Kazi yote inahamia kwenye zilizobaki, na springi inakatika palepale pembeni mwa raba. Dawa ya kweli ni springi nzito zaidi za pande zote mbili, pamoja na shokapu mpya, kwa sababu springi ngumu yenye shokapu iliyokufa inarusharusha nyuma gari likiwa tupu, na kwenye lami yenye maji hilo ni hatari. Ila springi nzito hainunui uwezo mpya. Beringi, breki na tairi zitabaki zilezile. Inazuia gari lisilale, basi.

Ekseli ya nyuma ya Probox ni chuma kimoja kinachoshikwa na mikono minne na fimbo inayokatisha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Zote zina bushi. Fimbo ile bushi zake zikiisha, gari hupiga mkia ukikata kona, na fundi mvivu atakuambia ni alaimenti. Chukua mtaimbo, uzisukume moja moja. Kabla ya kutoka chini, tazama pale mikono inapofungwa kwenye bodi: ukiona ufa, rangi mpya ya sehemu ndogo tu, au uchomeleaji ambao si wa kiwandani, achana na gari hilo. Kutu nayo iangalie, hasa kwenye NCP55V ya 4WD. Nyingi zilinunuliwa kwa ajili ya maeneo ya theluji, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi, na chumvi hiyo imekula chini huku bodi ikibaki kung'aa.

Tairi ndipo watu wanapokosea zaidi. Van ya kwanza ilitoka na tairi za mzigo za 165R13, zenye alama ya LT, yaani za gari dogo la mzigo. Mwenye gari anataka lionekane zuri, anaweka ringi za 14 na tairi za gari dogo, tuseme 175/70R14 yenye namba ya uzito 84. Namba 84 maana yake tairi moja inabeba kilo 500. Tairi ya 165R13C ya nyuzi 8 yenye namba 94 inabeba kilo 670. Ile nzuri kwa macho ndiyo dhaifu, na ikipakiwa inachemka ubavuni na kupasuka. Ukitaka ringi ya 14, tafuta tairi yenye herufi C, yaani ya mzigo, na uijaze upepo kwa kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tairi ya mzigo huhitaji upepo mwingi kuliko ya gari dogo, na kijana wa kujaza upepo ukimwachia ataweka ule aliozoea.

Injini, 1NZ-FE, ni sababu nyingine ya kuipenda Probox. Ni ile ile iliyomo kwenye Toyota nyingine kama IST, Vitz na Fielder za cc 1500, kwa hiyo spea zipo hata mji mdogo. Ina taimingi cheni, hakuna mkanda wa kubadilisha. Inataka takriban lita 3.7 za oili pamoja na filta, na kwa kazi ya mzigo naibadilisha kila kilomita 5,000, sisubiri zaidi. Ugonjwa wake mkubwa ni kula oili pistoni ringi zikishagandiana, na chanzo chake ni oili iliyokaa mno. Washa ikiwa baridi kabisa. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Cheni ikigonga kwa sekunde kadhaa, oili imepuuzwa. Iache isailensi (ingurume bila kukanyagwa mafuta) dakika tano, kisha mtu akanyage ghafla nawe usimame nyuma: moshi wa bluu ni oili. Angalia pia pampu ya maji kama ina mchirizi uliokaukia, na tangi la plastiki la rejeta kama lina ufa. Uliza kama thamostati, kidude kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, ipo. Mafundi wengi huitoa wakidai gari lisichemke, matokeo yake injini inafanya kazi baridi, inakunywa mafuta, na tatizo halisi la rejeta linabaki limefichwa.

Kwa klachi, weka gia ya nne ukiwa kilomita 40 kwa saa na ukanyage mafuta yote. Injini ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Sikiliza kwa masikio, maana DX (toleo la bei nafuu) nyingi hazina mshale wa mizunguko ya injini. Otomatiki ya gia nne ya zile za zamani si mbaya, mradi haidroliki (oili ya giaboksi) ibadilishwe na isiwe nyeusi yenye harufu ya kuungua. Kuanzia 2014 zikaja NCP160V zenye CVT tu, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua. Ni nzuri kwa mafuta, lakini haitaki haidroliki ya kawaida, na kupanda mlima umezidisha mzigo huichosha mapema. Kenya, sheria ya kutoingiza magari yenye umri wa zaidi ya miaka 8 hairuhusu tena za kabla ya hapo kuingia nchini, kwa hiyo yenye gia ya mkono utaipata kwa mkono wa pili humu humu.

Nissan AD ndiyo mpinzani wa kweli, na kwa bei mara nyingi inashinda. Toleo la Y12, lililoanza mwishoni mwa 2006 na injini ya HR15DE, naikubali. Buti lake ni pana na limekaa vizuri. Y11 iliyotangulia, yenye injini za QG, naiogopa: sensa za kamshafti na krenki hufa na kuliacha gari njiani, na cheni hurefuka. Mazda Familia Van ya kabla ya 2018 ni AD yenye nembo nyingine, kwa hiyo ikikaguliwa ikawa nzima, usiiogope kwa sababu ya jina. Fielder, iwe NZE121 au NZE141, ni gari la familia. Kwa treyi za mayai, mikate au nguo inatosha sana na inatulia barabarani, lakini saruji si yake; nyuma inalala upesi. Peugeot 504 stesheni, yenye springi mbili kila upande wa nyuma, ilibeba kuliko hizi zote. Kinachoikwamisha leo ni spea tu.

Ukishanunua, tandika plywood ya milimita 9 sakafuni, la sivyo pembe za kreti zitatoboa zulia na kukwaruza chuma. Vizito viegemee migongo ya viti vya mbele, vyepesi viwe nyuma na juu. Saruji ikikaa nyuma ya ekseli inanyanyua pua ya gari: usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinapoteza mshiko, na taa zako zinampofusha anayekuja. Funga kwa kamba ya mkanda, kwa sababu mfuko wa kilo 50 ukija mbele wakati wa breki ya ghafla, kiti hakitauzuia. Breki za nyuma ni za dramu. Zikague kila unapobadilisha viatu vya breki uone kama silinda ndogo inavuja, maana uvujaji wa humo hauonekani nje mpaka siku umepakia kwenye mteremko.

Na kabla ya kulipa, soma kadi ya gari. Aina ya bodi iliyoandikwa na bima utakayokata zilingane na kazi. Bima ya gari binafsi haitakulipa ukipata ajali ukiwa umebeba mzigo wa watu kwa malipo.