Mifuko ya kuhifadhi mahindi niliyonunua Mwanjelwa: nina la kusema

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie.

Baada ya mavuno niliamua stoo yangu hapa Uyole isiwe tena na mahindi yenye dawa, maana iko pua na mdomo na jiko. Nikanunua ile mifuko isiyopitisha hewa, salfeti nje na nailoni mbili ndani, kwenye duka moja la pembejeo Mwanjelwa. Ukifunga kila nailoni peke yake, wadudu waliomo humaliza hewa wenyewe, wanaacha kula, wanakufa. Maharage niliyoweka kwenye mfuko mmoja yametoka safi, hayana hata tundu.

Mfuko wa mahindi ndio ulionitoa machozi. Nafungua, nachota, mkononi unabaki unga. Dumuzi tele! Na mahindi yalikuwa makavu kabisa. Baridi yetu ya Juni mnaijua, lakini niliyaanika mpaka nikaridhika, nikayapima kwa chumvi ndani ya chupa, chumvi haikuganda pembeni. Nikamwaga yote, nikapuliza nailoni moja na kuibana mdomo: hewa inatokea kitakoni, pale kiwanda kilipounganisha. Ya pili vilevile.

Nikaurudisha dukani. Yule kijana hakuugusa. Macho kwenye simu, akasema, "Mama, hao ni panya wako."

Panya! Panya gani anatoboa nailoni mbili za ndani na kuiacha salfeti ya nje nzima? Nikamwonyesha ule mstari wa kitako. Akageukia mteja mwingine, "Karibu baba, nikusaidie nini?" Mimi nimesimama na mfuko wangu, watu wananitazama. Pesa sikuidai kwa nguvu. Pole tu ilimshinda. Mbeya hii, ambako hata usiyemjua akikuona umeteleza kwenye tope anakupa pole!

Nilitaka kuwaambia msiinunue kabisa mifuko hii. Yale maharage yananizuia, siwezi kusema uongo. Lakini gunia zima la mahindi, chakula cha wanangu, limekuwa la kuku, halafu niambiwe panya? Hapana. Basi nunueni, ila kwa muuzaji atakayewaacha mpulize nailoni zote mbili mbele yake kabla ya kulipa. Akikataa, ondokeni.

Lile duka sirudi. Hata mbolea ya ruzuku nitaifuata kwingine.