Nusu siku Tangier na mamangu: ngamia, nyoka, na kaburi ambalo nusura tulikose

Mamangu alipoiona picha ya ngamia kwenye tangazo la ile ziara, alinitazama juu ya miwani akaniuliza, "Kwani pale ufuoni Pirates ngamia wamekwisha?"

Sikuwa na jibu. Mtu aliyekulia Mombasa, ambaye kila Idi huwaona ngamia wakipita na watoto mgongoni kwenye mchanga wa Bamburi, ana haja gani ya kwenda mpaka Morocco kulipia ngamia wa ufuoni? Lakini tulikuwa tumeshafika Rabat kumtembelea mdogo wangu anayesoma huko, naye alikuwa ametulipia ziara hiyo kama zawadi. Zawadi ya mtoto haikataliwi.

Twendeni basi. Safari ya Rabat hadi Tangier tuliifanya kwa treni ya kasi, ile iliyoanza kazi mwaka 2018, inayokimbia hadi kilomita 320 kwa saa kwenye sehemu ya kaskazini. Saa moja na nusu hivi tukawa tumefika. Jina lake ni Al Boraq, la yule mnyama aliyempandisha Mtume usiku wa Miraji. Mamangu alilisoma ubavuni mwa behewa, akapiga bismillahi, akasema, "Mnyama wa kwanza ndiye huyu." Kwa kweli ndiye aliyetutendea vizuri kuliko wote siku hiyo.

Bei ilikuwa dirham 400 kwa kila mtu. Dirham moja niliihesabu kama shilingi 13 za Kenya, kwa hiyo ni elfu tano na kitu. Humo mna gari dogo la watu wanane, mwongozaji, "dakika kumi na ngamia" na chai ya nanaa. Kiingilio cha pango hakimo, bakshishi haimo, na nyoka, nitakayemfikia, hayumo kabisa. Tuliondoka Grand Socco, uwanja mkuu wa mji, saa tatu asubuhi, tukarudi saa saba na robo. Nusu siku walisema, nusu siku ikawa. Hapo siwadai kitu.

Mwongozaji alikuwa mtu wa makamo aliyevaa kanzu ya kofia wanayoiita jellaba. Alizungumza Kihispania na wazee wawili wa nyuma, Kifaransa na mdogo wangu, Kiingereza na mimi, na simu ikilia, Kiarabu cha kwao ambacho hata mamangu na Kiarabu chake cha madrasa hakuambulia kitu. Mamangu aliitwa naye "Hajja" tangu mwanzo. Ni heshima ya kwao kwa mwanamke mtu mzima, lakini mamangu haipendi heshima asiyostahili. "Mwambie sijahiji bado, asinipe cheo kisicho changu." Nilimwambia. Yule bwana akaweka mkono kifuani, akasema inshallah utahiji, akaendelea kumwita Hajja mpaka mwisho.

Kituo cha kwanza, Cap Spartel, nakipita haraka kwa sababu upepo nao ulitupitisha haraka. Ni rasi iliyo magharibi ya mji, mwendo wa kilomita kama 14, mahali bahari ya Atlantiki inapoingia kwenye mlango wa Mediterania. Kuna mnara wa taa uliojengwa mwaka 1864 chini ya Sultani Muhammad wa Nne, na mwaka uliofuata mataifa kadhaa, Marekani, Uingereza, Ufaransa na Uhispania yakiwamo, yakatia saini mkataba wa kuchangia gharama za kuutunza, maana meli zilizokuwa zikivunjika pale zilikuwa zao. Wanasema siku ya shwari unaona maji ya rangi mbili. Siku yetu haikuwa ya shwari. Ulivuma upepo wa mashariki wanaouita chergui, mtandio wa mamangu ukapepea kama bendera ya jahazi, tukapiga picha tatu tukarudi garini.

Sasa ngamia.

Wako Achakkar, ukishuka kutoka rasini kuelekea kusini, kwenye uwazi wa mchanga kando ya barabara. Niliwahesabu saba na mtoto mmoja. Wote wa nundu moja, na kila mmoja ana tandiko la mablanketi yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba, lenye chuma cha kushika mbele. Ukitazama kutoka barabarani ni picha nzuri: ngamia wamelala, bahari nyuma yao, mashada ya sufi nyekundu shingoni. Ukikaribia unaona vingine. Unaona sugu za kifuani na magotini, nene na nyeusi kama raba ya kandambili, pale anapoegemea akipiga magoti. Hizo ni za kawaida, ngamia wote wanazo, usishtuke. Unaona kope ndefu zenye mchanga. Unasikia meno yakisaga upande kwa upande hata kama mdomoni hamna kitu.

Lazima niseme kwamba mamangu amezaliwa Lamu. Babake alikuwa na punda wawili wa kubebea mawe na mchanga, na mtu wa Lamu punda anamjua kama dereva anavyolijua gari lake. Ndiyo maana, wakati sisi sote tunapanga nani apande wapi, yeye alikuwa ameinama upande wa ngamia tuliyepangiwa, anatazama pale ukingo wa tandiko unapokutana na nundu. Akanyanyua blanketi kwa vidole viwili. Akaniita kwa sauti ndogo, "Njoo uone. Huyu yuwaumwa."

Kidonda chenyewe kilikuwa na upana wa kifuniko cha chupa, chekundu katikati, manyoya yamekatika kukizunguka. Nzi wawili. Mtu asiyejua asingekiona, kwa sababu blanketi lilikuwa limevutwa kukifunika. Kwa makusudi au kwa bahati, Mungu ndiye ajuaye.

Mwenye ngamia hakufurahi. Alisema maneno mengi, mwongozaji akatafsiri machache: kwamba ni mkwaruzo tu, utapona. Mamangu akamjibu kwa Kiswahili, akimtazama usoni, kana kwamba yule mtu anamsikia: "Hautapona ukiwa unaupandisha watu. Tandiko likikata, mnyama hupumzishwa." Mdogo wangu alilitafsiri hilo kwa Kifaransa cha adabu zaidi. Kukawa na kimya cha wageni wasiojuana. Kisha mwenye ngamia akafungua kamba, akalishusha tandiko, akamwacha yule ngamia amelala bila mzigo, akatuletea mwingine. Sina hakika kama alimpumzisha kweli au alisubiri tuondoke, lakini kwa dakika ishirini tulizokuwa pale hakuna aliyempanda.

Nikampanda yule wa pili. Kwa asiyewahi: ngamia huinuka miguu ya nyuma kwanza. Wewe unatupwa mbele, pua inaelekea shingoni mwake, unadhani umekwisha. Kisha anainua ya mbele, unarudishwa nyuma. Shika kile chuma, egemea nyuma, usipige kelele. Dakika kumi walizoahidi nilizipima kwenye simu zikawa sita: kwenda mpaka kwenye jiwe kubwa na kurudi, kijana anavuta hatamu mbele na mkono mwingine unapiga picha kwa simu yako, kazi anayoijua kuliko mimi. Ukiwa juu unaona Atlantiki yote, na nakiri nilifurahi. Ngamia wa Bamburi hawako juu ya mwamba.

Mamangu hakupanda. Goti lake halina ruhusa ya mambo hayo. Alikaa na yule mtoto wa ngamia, ambaye hakuwa amefungwa, akamnusa mkono, akajaribu kula pindo la leso. Nadhani ndizo dakika bora za pesa yetu, na hazikuandikwa popote kwenye tangazo.

Kwa hiyo nikiulizwa kama kupanda ngamia ni dhuluma, jibu langu ni la mjukuu wa mwenye punda: mnyama wa kazi kufanya kazi si kosa. Kosa ni kumfanyisha kazi juu ya kidonda. Kabla hujapanda, zunguka mara moja. Nyanyua ukingo wa tandiko. Tazama puani na midomoni kamba ilipopita, uone kama kuna damu. Tazama kama kuna ndoo ya maji mahali popote. Sisi tuliiona moja, ilikuwa na maji. Wakikukataza kunyanyua tandiko, hilo nalo ni jibu.

Mapango ya Hercules yako karibu na hapo. Mazuri, yamejaa watu. Kuta za ndani zina alama za duara, nyingi, kama mtu amekata maandazi kwenye mwamba: humo ndimo wenyeji walimochonga mawe ya kusagia nafaka kwa miaka na miaka. Mimi hizo alama ndizo zilizonigusa, lakini foleni yote ilikuwa upande wa pili, kwenye uwazi unaotazama baharini ambao wanasema una umbo la ramani ya Afrika. Umbo lipo, ukilitaka. Mimi niliitafuta Pembe ya Afrika nikaikosa, Mombasa yetu sijui imeangukia wapi.

Njiani kurudi tulipita msitu wa Rmilat, na mwongozaji akasimulia vizuri sana kisa cha tajiri Ion Perdicaris, aliyetekwa nyumbani kwake Tangier mwaka 1904 na Raisuli, kiongozi wa waasi wa milimani, mpaka Rais Theodore Roosevelt akatuma manowari za Marekani. Mamangu alikuwa amelala. Wahispania walicheka mahali ambapo mimi sikupaelewa.

Sasa lawama yangu kubwa. Tulipoingia Kasbah, ile ngome ya kale ya mji, pale uwanjani, mtu alikuja kwa nyuma akaniwekea nyoka shingoni. Hakuniuliza. Nyoka mwembamba, rangi ya majani makavu, baridi kama bomba la maji. Mwenzake alikuwa ameshika zumari na simu tayari kwa picha. Mimi wanyama siwaogopi sana, lakini kuna tofauti kati ya kumwendea mnyama na kuvishwa mnyama. Nilisimama kama mti. Akataka dirham 200. Mdogo wangu alibishana naye mpaka akatoa 20, akaondoka anatutukana.

Uchezaji nyoka Morocco una asili yake; ulishikamana na watu wa tarika ya Kisufi ya Isawiyya, wafuasi wa Sidi Ben Aissa wa Meknes, na siwezi kuuita utapeli wote. Lakini inajulikana kwamba nyoka wengine wa maonyesho hung'olewa meno, na wengine hushonwa mdomo wasiume, na mnyama wa namna hiyo hali, anangoja kufa. Wangu sikuthubutu kumtazama mdomo. Kilichoniudhi zaidi ni mwongozaji wetu: alikuwa hatua tatu mbele, akageuka, akaona, akaanza kusoma maandishi ya ukutani. Baadaye alisema hao hawamo kwenye ziara. Sawa, hawamo, lakini wewe umo.

Baada ya hapo akataka kutuingiza duka la mazulia. Na hapa ndipo tulipokaribia kukosa jambo lililomtoa mamangu Rabat. Kwenye ratiba iliandikwa "kaburi la Ibn Battuta", yule msafiri wa kale aliyefika mpaka Mombasa, lakini saa ilikuwa imefika sita na nusu na duka lilikuwa na chai. Mamangu akasimama katikati ya kichochoro, akakunja leso yake chini ya kwapa, akasema yeye mazulia anayo. Wahispania wakasema na wao wangependa kuona kaburi. Tukaenda.

Ni kijumba kidogo cha chokaa, juu ya vichochoro ambavyo ukifumba macho harufu yake ni ya Mji wa Kale Mombasa: mkate, bomba la maji machafu, mtu anakaanga samaki. Ndani mna kaburi lililofunikwa kitambaa. Wapo wanaotilia shaka kama aliyelala mle ni yeye. Mamangu alisoma Fatiha bila kuuliza vyeti.

Ibn Battuta alizaliwa mji huu mwaka 1304, akatoka akiwa na miaka 21, na mwaka 1331 akafika kwetu. Aliyoyasimulia kuhusu Mombasa mtoto wa madrasa anayajua: wanakula ndizi na samaki, misikiti yao ni ya mbao na imejengwa vizuri, milangoni mna visima, na mtu huosha miguu kabla ya kuingia. Kisha akashika njia ya Kilwa. Mlinzi wa kaburi alituuliza tunatoka wapi. Mamangu akasema "Mombasa", polepole, kama anampa muda wa kukumbuka. Kisha akanigeukia: "Alilala kwetu usiku mmoja tu. Na sisi tumemkalia nusu siku. Hatudaiani."

Paka walikuwa wamelala ngazini, watano au sita, wamenona. Hao hawakuombewa hela na mtu.

Kama unakwenda, mwambie mwongozaji asubuhi, kabla gari halijaondoka, kwamba kaburi unalitaka na duka hulitaki. Beba noti ndogondogo. Pitisha mtandio shingoni ukiingia Kasbah, na si kwa ajili ya baridi.

Jioni mdogo wangu alinipa simu niweke nyota, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipia na walikuwa wanamsumbua kwa ujumbe. Nikamuuliza mamangu. Akasema tuanze na tano: moja itoke kwa yule nyoka, nusu kwa kile kidonda. Programu haikubali nusu. Nikaweka nne, mamangu akachungulia juu ya miwani, nikarudi nikaweka tatu.