Mkono wa tembo wa Ngamiani, nimekubali
Jana mchana nimepita kwa mama ntilie mmoja hapa Ngamiani Tanga, nikaagiza mkono wa tembo wa nazi, jamaa yangu wa bara akashtuka eti kumbe huku mnakula tembo, nikamwambia tulia bwana hizo ni ndizi, zile kubwaaa za kupika. Tui zito balaa, changu wa kukaanga freshi, unanawa unakula kwa mkono hakuna cha uma. Mama ana mkono mzuri jamani, sijui anaweka nini. Ila mumewe anayekaa kwenye hela ndo mkono wa birika kwelikweli, ndimu ya kuongeza tu analipisha!! Na huduma inachelewa. Idi narudi, nimdai mkono wa Idi hahaa