TAHADHARI: utepe kwenye shina hauthibitishi kwamba mche umebebeshwa

Mnaotaka kupanda mparachichi nyumbani, kaeni macho. Kuna muuzaji anayetuma picha safi za miche ya "Hass iliyobebeshwa" (Hass ni aina ya parachichi; kubebesha ni kupachika kijitawi cha mti mmoja kwenye shina la mche mwingine), anadai hela yote kabla ya kuleta mzigo, halafu analeta miche ya kokwa iliyozungushiwa utepe wa nailoni. Nimeifungua aliyoletewa dada yangu: gome zima, hakuna kovu wala alama ya kisu.

Mche uliobebeshwa kweli una kiungo. Pitisha kidole kwenye shina, utakuta uvimbe au kona ndogo, na mara nyingi gome la juu na la chini hayafanani rangi. Mwambie muuzaji afungue utepe mbele yako. Akisema kikonyo, yaani kijitawi kilichopachikwa, bado hakijashika, basi mche haujafikia kuuzwa, aubakize kitaluni kwake.

Akibanwa, huyu bwana anajitetea kwamba ni "Hass ya mbegu, ileile tu". Si ileile! Hass zote zimetokana na mti mmoja wa Rudolph Hass huko California, uliopewa hataza mwaka 1935, zikaenezwa kwa kubebesha. Kokwa la Hass linaota mti wenye tabia zake wenyewe, si za Hass. Wa kubebesha kwa kawaida huanza kuzaa kwenye miaka 3 au 4. Wa kokwa unaweza kupita miaka 10 hujaonja kitu, na tunda lenyewe hujui litakuwaje. Kivuli utapata, sikatai, ila auze kivuli.

Ujanja mwingine ni mche mfupi wenye matunda tayari. Wakati mwingine ni tawi lililokatwa na kuchomekwa kwenye mfuko. Shika shina karibu na udongo, utikise taratibu. Likicheza ovyo, achana nalo. Chungulia pia matundu ya chini ya mfuko kama kuna mizizi.

Na anayekuapia kwamba mipapai yake michanga ni majike matupu kwa kutazama majani, mpite. Jinsia haionekani kwa macho mpaka ichanue.

Mliokwisha uziwa, msing'oe. Mche wa kokwa unafaa kuwa shina la kubebeshea. Shina likifikia unene wa penseli, mwiteni fundi apachike kikonyo kutoka mti ambao matunda yake mmeyala, kisha machipukizi yote yanayotoka chini ya kiungo yakatwe mapema, la sivyo yatakimeza kikonyo.