Seti ya Kuundia Molekuli: Ununue au Uache?

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo mezani nina seti ya kuundia molekuli, hivi vipira vya plastiki vyenye matundu na vijiti vya kuviunganishia. Naijaribu kwenye haidrokaboni tu, yaani molekuli za kaboni na haidrojeni pekee, maana ndiko wanafunzi wengi wanakokwama.

Haya, cheusi hiki ni kaboni. Kigeuze, hesabu: matundu manne. Cheupe ni haidrojeni, tundu moja. Valensi, yaani idadi ya bondi (miunganiko) ambazo atomu inaweza kufunga, ndiyo hiyo, hakuna cha kukariri. Nachomeka vyeupe vinne, methani hiyo. Cha tano? Hakina pa kuingia! Anayeandika CH5 kwenye daftari atajikamata mwenyewe hapa. Halafu tazama umbo lake, siyo ule msalaba tunaouchora ubaoni. Pembe zote ni nyuzi 109.5. Mwanakemia Hofmann alipoonyesha vipira vya namna hii London mwaka 1865, methani yake ilikuwa bapa. Rangi hizi nyeusi na nyeupe tumezirithi kwake, lakini umbo tumelipata kwa wanakemia van 't Hoff na Le Bel, 1874.

Twende kwenye bondi mbili, yaani atomu mbili kushikana mara mbili. Tumia vijiti virefu vinavyopinda, vile vigumu vitakuvunjikia. Kaboni mbili, vijiti viwili, vyeupe vinne: etheni. Zungusha... umeona? Imegoma. Sasa naweka kijiti kimoja, naongeza vyeupe viwili, imekuwa ethani, na inazunguka kama feni. Kwa hilo tu, mimi hela yangu imerudi.

Kasoro zipo. Vijiti vyote vinafanana, kumbe kwenye bondi mbili mojawapo ni dhaifu na huvunjika kirahisi; ndiyo maana etheni inaondoa rangi ya maji ya bromini na ethani haiondoi. Hilo seti haikuambii, mwalimu aseme. Urefu nao hauaminiki. Kwa kweli umbali wa kaboni kwa kaboni ni pikomita (kipimo kidogo sana cha urefu) 154 kwenye ethani, 134 kwenye etheni, na 120 kwenye ethaini, ile gesi ya mafundi wa kuchomelea. Hapa ethaini yangu imevimba tumbo, vijiti vitatu vimejikunja nje, utadhani kikapu.

Ukienda dukani, hesabu vyeupe kwanza. Butani ziko mbili, ya mnyororo ulionyooka na yenye tawi, zote C4H10. Kuziweka ubavu kwa ubavu unahitaji vyeusi 8 na vyeupe 20. Pakiti ndogo nyingi hazifiki hapo, na ukilazimika kuvunja moja ili uunde nyingine, mtoto hataziona pamoja. Ongeza hela kidogo, chukua kubwa.